Kumngoja Bwana: Maana ya Neno "Kungoja" kwa Wakristo wa Buhaya

Katika darasa la wakatekumeni hapa Buhembe, karibu na mji wa Bukoba, niliuliza siku moja swali ambalo kila mwalimu huliuliza majira ya Adventi: Ni nini maana ya kumngoja Bwana? Vijana walijibu kwa haraka, huyu na huyu, kwamba ni kusubiri mpaka Yesu atakaporudi. Majibu yao hayakuwa ya uongo, lakini yalikuwa kama majibu ya mtu aulizwaye maji ni nini, naye akasema ni maji. Nyuma yao alikuwako mama mmoja mzee, ambaye husikia Kiswahili lakini hupenda kujibu kwa lugha ya nyumbani. Akasema: "Mwalimu, ni kama mtu aliyeachiwa kibanja, mwenyewe amesafiri. Yeye alinda." Vijana wakacheka, wakidhani kwamba bibi amechanganya maneno mawili ya Kiswahili, kungoja na kulinda. Mimi nami nilicheka kidogo, naungama. Jioni, nilipolitafakari jibu lile, niliona kwamba aliyekosea si yeye.

Tuanze basi na lugha. Kwa Kihaya neno okulinda lina maana mbili, au tuseme lina maana moja ambayo Kiswahili huigawanya mara mbili. Mtu akikaa njiani akimtazamia mwenziwe, alinda. Na mtu akikaa shambani ili mwizi asije akakata ndizi, huyo naye alinda. Waganda, jirani zetu wa kaskazini, husema okulinda kwa maana ya kungoja, na kwa kuchunga mali wana neno jingine. Wasukuma, jirani zetu wa kusini, husema kulindila kwa kungoja. Waswahili wa pwani wamelishika shina lilo hilo, lakini wamechukua upande wa kuchunga peke yake: mlinzi, ulinzi, kulinda. Wataalamu waliozilinganisha lugha za Kibantu wameona kwamba shina hili lilikuwa na maana zote mbili tangu kale. Basi bibi yule hakuchanganya maneno. Alisema neno moja zima, na sisi tulilisikia kama vipande viwili.

Tena Kiswahili chenyewe, tukikichunguza, kimehifadhi jambo lilo hilo mahali pengine. Wazee wa pwani walimwita bawabu kwa jina la mngoja lango, na mtu awekwaye kuangalia kitu huitwa mngojezi. Mngoja lango si mtu aliyekaa mlangoni kwa sababu hana la kufanya. Ni mtu aliyepewa kazi, naye hulipwa mshahara kwa kungoja kwake, akilala, hufukuzwa. Hapo zamani, basi, mtu aliweza kusema "nangoja nyumba ya bwana wangu" na kila asikiaye akafahamu kwamba ana ufunguo, ana taa, na ana fimbo.

Siku hizi neno hili limepungua nguvu. Mtu akisema anangoja, twamwona amekaa stendi juu ya mzigo wake, akitazama huku na huku, basi halijaja. Hata neno kungoja lenyewe limeanza kuachwa, na vijana wetu husema kusubiri kwa kila jambo: kusubiri basi, kusubiri chai, kusubiri mvua ikatike. Neno hili latoka katika Kiarabu, na asili yake ni kujizuia, kujifunga nafsi isiasi wakati wa shida. Ndilo lililotupa saburi. Lakini mtu asubiriye chai hana saburi yo yote. Ana njaa tu. Nimeona kwamba tunapowaambia wakatekumeni "tumsubiri Bwana", wao huona picha ya stendi, wala si picha ya lango.

Sasa tutazame Injili ya Marko, sura ya 13, karibu na mwisho wake. Bwana asema juu ya mtu aliyesafiri, akaiacha nyumba yake, akawapa watumwa wake mamlaka, kila mtu na kazi yake, na bawabu akamwamuru akeshe. Mfano huu ni mfupi sana, nasi huupita upesi kwa kuwa twaiharakia mifano mirefu ya Mathayo. Lakini mambo yote yamo humu. Kwanza, mwenye nyumba hayupo, na kutokuwapo kwake ni kweli, hakufichwi. Pili, nyumba si tupu. Imejaa watu wenye mamlaka waliyopewa. Tatu, kila mtu ana kazi yake, na kazi hizo hazifanani. Mpishi hangoji kwa kusimama mlangoni pamoja na bawabu, hungoja jikoni. Mchungaji wa ng'ombe hungoja malishoni. Mmoja tu ndiye aliyeamriwa kuangalia njia, nao wengine humngoja bwana wao kwa kuzishika kazi zao. Ingekuwa ni ajabu wote wangeacha kazi wakajazana mlangoni kutazama vumbi la barabara. Bwana wao angerudi akakuta watu wengi wenye macho makali, na ng'ombe wamekufa.

Katika Agano Jipya la Kiyunani yako maneno kadhaa yaliyofasiriwa kwa Kiswahili kuwa saburi, uvumilivu, kutazamia na kukesha. Sitayaeleza yote. Mawili yatosha. La kwanza ni hypomone, ambalo sehemu zake ni "chini ya" na "kukaa": kukaa chini ya mzigo usiutupe. Kiswahili kina neno la kufaa kabisa, nalo ni kustahimili, ambalo shina lake la Kiarabu ni kubeba. Kutoka shina hilo twapata pia hamali, mchukuzi wa bandarini. Mwalimu awezaye kuwaonyesha wanafunzi hamali apandaye ngazi na gunia mgongoni amekwisha kuwafundisha nusu ya Waraka kwa Waebrania. La pili ni neno alilolitumia Paulo kwa Warumi, sura ya 8, aliposema juu ya viumbe vyote kungojea: apokaradokia, na ndani yake limo neno la kichwa, kama mtu anyoshaye shingo kutazama mbali. Maneno haya mawili yakikaa pamoja, twapata picha ya mtu mwenye mzigo begani na shingo iliyonyoshwa. Si rahisi kusimama hivyo. Wengi wetu huchagua moja: ama mzigo bila kutazama, ama kutazama bila mzigo.

Liko neno la tatu ambalo halihusu wangojao, bali lamhusu yeye angojwaye, nalo lina faida kubwa kwetu Wahaya. Ni parousia, tunalolifasiri kuwa kuja au kurudi. Katika nchi za Kiyunani neno hili lilitumika kwa kufika kwa mfalme katika mji. Huko Misri, zamani za wafalme wa Kiyunani, watu walitozwa michango kwa ajili ya kufika huko. Na mji wa Korintho ulitoa sarafu za ukumbusho wa kuja kwa Kaisari Nero, nazo ziliandikwa kwa Kilatini neno adventus. Ndilo neno tulitumialo katika kanisa tusemapo Adventi. Basi Wathesalonike waliposoma barua ya Paulo walifahamu mara moja: njia zitengenezwe, watu watoke mjini kumlaki, warudi naye.

Wazee wetu nao wangalifahamu mara moja, kwa kuwa katika Kihaya twamwita Bwana kwa jina la Mukama, na Mukama lilikuwa jina la mfalme. Kiziba, Ihangiro, Kianja, Karagwe na nchi nyingine za huku, kila moja ilikuwa na mukama wake, mpaka utawala wa machifu ulipofutwa baada ya Uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee walisimulia kwamba habari ya mukama kupita ikisikika, njia zilifyekwa, nyua zikafagiwa, nyasi mpya zikatandikwa ndani ya nyumba, na kahawa ya kutafuna ikawekwa tayari katika vikapu vidogo. Hakuna aliyejua saa. Mukama hakupeleka barua ya kusema atafika saa nne. Aliyefagia asubuhi alifagia tena jioni kwa sababu majani ya migomba huanguka kila wakati. Hao walikuwa wakimngoja, na mtu angepita barabarani angewaona wote wameinama kazini.

Lakini wakatekumeni wangu wa leo hawakumwona mukama hata mmoja. Wao husikia neno Mukama kanisani tu. Kwa hiyo mfano uliokuwa wazi kwa babu zao umekuwa mgumu kwao, nasi walimu hatuna budi kuueleza kama tunavyoeleza mambo ya Yerusalemu. Sioni aibu katika jambo hili. Ila naona aibu kwa mwalimu asemaye "Mukama yuaja" miaka thelathini, asiwaeleze watoto hata mara moja kwamba mukama akija hufanywa nini.

Yakobo naye, katika sura ya 5 ya waraka wake, ametoa mfano wa mkulima angojaye mvua ya kwanza na ya mwisho. Katika Palestina mvua ya kwanza hunyesha karibu na Oktoba na Novemba, nayo hulainisha ardhi ipandwe. Ya mwisho hunyesha Machi na Aprili, nayo hukomaza nafaka. Kati ya hizo mbili mkulima hana uwezo juu ya mawingu. Mfano huu hauwaingii watu wa Bukoba kama uwaingiavyo watu wa Dodoma. Ufukweni mwa ziwa mvua hufika karibu milimita 2000 kwa mwaka, na mgomba hauna majira moja ya mavuno. Leo mkungu huu, kesho ule. Mtu aliyezoea mgomba aweza kudhani kwamba Yakobo asema juu ya uvivu. Mimi nimeacha kutumia mgomba nikatumia kahawa. Mbuni hutaka miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vema, na katika miaka hiyo hauna faida ye yote, ila wataka kupaliliwa na kufunikwa mizizi kwa nyasi kana kwamba unazaa. Hakuna awezaye kuufanya uzae mapema kwa kuutazama, wala kwa kuupalilia mara mbili zaidi. Lakini asipopalilia, hautazaa hata majira yakifika. Kila mzee wa Buhaya alijua habari hii kabla ya Wazungu kuja, maana kahawa ya kutafuna ilikuwako kwetu zamani.

Sasa yafaa kuuliza kama kungoja kwa namna hii kumepata kuonekana huku kwetu, au ni maneno mazuri tu. Kumeonekana, tena zaidi ya mara moja.

Mwezi wa Novemba mwaka 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakavuka ziwa mpaka Bukumbi, kusini, katika nchi ya Wasukuma. Walikaa huko hata mwaka 1885. Waliwaacha Wakristo wachache tu, wapya katika imani, wengi wao vijana wa nyumba ya mfalme. Watu wangeweza kutazamia kwamba mapadri watakaporudi watakuta majivu. Waliporudi walikuta watu wameongezeka, kwa kuwa waliobaki waliendelea kufundishana, na walio katika hatari ya kufa wakabatizwa na wenzao. Mwaka 1886 baadhi ya hao walikwenda Namugongo, wakafia imani yao. Wakristo hawa walimngoja Bwana na walimu wao pia, na mangojeo yote mawili waliyafanya kwa kazi ile ile.

Huku Buhaya iko habari nyingine, isiyojulikana sana nje ya nchi yetu. Mapadri Weupe walianza Kashozi mwaka 1892. Upande wa Waprotestanti, kabla ya mmisionari ye yote kukaa huku, walikuwako Wahaya waliojifunza kusoma Injili huko Buganda, na waliporudi nyumbani wakakusanyika kusoma. Miongoni mwao jina la Andrea Kajerero wa Kigarama latajwa hata leo. Mwaka 1910 wakaja wamisionari Wajerumani wa Betheli. Hawakukaa sana, vita ikaingia. Mwezi wa Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliushambulia mji wa Bukoba, na mwaka 1916 nchi yote ikawa mikononi mwao. Wamisionari Wajerumani wakaondolewa, wala hawakurudi ila baada ya miaka kadhaa. Kanisa lenye umri wa miaka michache, lisilo na mchungaji mwenyeji hata mmoja aliyewekewa mikono, likabaki na walimu kama Kajerero. Hao hawakujua kama walimu wao watarudi mwaka ujao, au hawatarudi kabisa. Walifundisha, walizika, walikusanya watu Jumapili. Vita ya pili ilipokuja mwaka 1939 jambo lilo hilo likatokea tena: Wajerumani wakakamatwa, na baadaye Waluteri wa Swideni wakaja kusaidia; lakini katikati yake nyumba ilikuwa mikononi mwa watumwa wa nyumbani.

Nimesikia watu wakizieleza habari hizi kana kwamba ni miaka ya hasara. Mimi sikubali. Kanisa ambalo baadaye lilimtoa Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kiluteri Duniani tangu 1977 hata 1984, lilijifunza kutawala nyumba katika miaka ile ambayo mwenye nyumba wa kibinadamu hakuwapo.

Katika miaka ya mwisho ya 1930 Uamsho nao ukafika kwetu kutoka Rwanda na Uganda. Ndugu wa Uamsho walisema mara nyingi juu ya kurudi kwa Yesu, na wengine waliwaona kuwa watu wa kelele. Sitaki kuyatetea yote waliyoyafanya. Yalikuwako mafarakano, na hukumu nyingi juu ya wengine. Ila jambo moja ni la kweli: walipoamini kwamba Bwana yu karibu, wengi wao walirudisha vitu walivyoiba. Mtu alibeba jembe alilolichukua zamani akalipeleka kwa mwenyewe mchana, watu wakitazama. Hiyo ndiyo hesabu ya mlinzi, ambaye kabla ya mwenye mali kufika huhesabu vitu na kurudisha kilichopungua. Yeye hakuhesabu miaka, alihesabu majembe.

Nimefika mahali pagumu pa habari hii. Kuhesabu miaka ni jaribu la kale. Wathesalonike wenyewe walianza kuacha kazi, hata Paulo akalazimika kuwaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Huko Marekani wafuasi wa William Miller waliingojea siku ya 22 Oktoba 1844, wengine waliacha mavuno shambani, siku ikapita. Ndugu zetu Waadventista Wasabato wametoka katika masikitiko hayo, nao hawakuweka tarehe tena, jambo ambalo yafaa tuwasifu kwalo. Katika Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, Elliot Kamwana aliwabatiza maelfu ya watu katika miaka ya 1908 na 1909, akiwatajia mwaka 1914.

Lakini lililo karibu nasi zaidi ni Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kwa watu ambao lugha yao na yetu ni ndugu. Nao wana neno hili hili la kungoja na kulinda. Huko viongozi wa kundi lililojiita la kurejeza Amri Kumi za Mungu waliwatajia watu mwisho wa mwaka 1999. Watu waliuza mashamba na mifugo. Siku ikapita. Tarehe 17 Machi 2000 nyumba yao ya ibada ilichomwa moto na watu wakiwa ndani, milango na madirisha yamefungwa. Baadaye maiti nyingine nyingi zilifukuliwa katika nyumba nyingine za kundi hilo. Waliokufa wote walikuwa mamia. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, wilaya za pwani ya Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa watoto.

Tukisoma habari hizi tusikimbilie kusema kwamba watu hao walikuwa wajinga. Katika viongozi wa Kanungu alikuwamo mtu aliyekuwa padri, mwenye elimu. Tuangalie badala yake ni kitu gani kilichoachwa kwanza. Kilikuwa ni kibanja. Aliyekiuza amekwisha kutupa ufunguo aliopewa. Amemwambia mwenye nyumba kwamba hana haja ya kuirudia nyumba hii. Hiyo ndiyo alama ninayowapa wakatekumeni wangu. Mhubiri akisema Bwana yu karibu, na kwa sababu hiyo mrudishie jirani yako jembe lake, msikilize. Akisema Bwana yu karibu, na kwa sababu hiyo uza shamba ulete fedha, toka uende nyumbani ukapalilie.

Walakini kosa si la wahubiri hao peke yao. Sisi tulio katika makanisa ya zamani tumelikimbia fundisho hili kwa kuogopa kufananishwa nao. Twalisema katika Imani ya Mitume kila Jumapili, kisha hatulielezi. Watu nao wana maswali. Ugonjwa wa UKIMWI ulipotokea hapa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa nchi yetu walijulikana mwaka 1983, na kibanja baada ya kibanja kikabaki na mabibi na wajukuu, watu waliuliza kama huu ndio mwisho. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wasifike, waliuliza tena. Nami nakumbuka tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri. Watu walikufa, na nyumba nyingi zikaanguka au zikapasuka, nasi tukalala nje kwa usiku kadhaa. Katika siku zile alipita mhubiri mmoja, mgeni, akisema kwamba hakuna haja ya kujenga tena kwa kuwa miezi iliyobaki ni michache. Jirani yangu alimsadiki. Ukuta wa nyumba yake ulikuwa umelala uwanjani, naye ana watoto wanne, na mvua za vuli zilikuwa zimekaribia.

Nilimwendea mara mbili na maneno ya Maandiko, nikashindwa. Nilimweleza kwamba Bwana ametaja matetemeko kuwa mwanzo wa utungu, si siku yenyewe. Akanijibu kwamba mimi ni mwalimu wa shule na sina roho. Mara ya tatu nilikwenda pamoja na wazee wawili wa kanisa, nasi hatukusema neno, tulibeba matofali. Siku ya pili yake yeye mwenyewe alichanganya udongo. Sijui kama aliacha kumsadiki mhubiri yule. Ukuta ulisimama kabla ya mvua.

Baada ya hayo nilirudia mfano wa wanawali kumi katika Mathayo 25, nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelisoma miaka mingi bila kuliona: wote kumi walisinzia na kulala, wenye busara na wapumbavu pamoja. Bwana hakuwalaumu wenye busara kwa usingizi wao. Tofauti ilikuwa ni mafuta, nayo yalinunuliwa mapema, mchana, wakati maduka yako wazi na hakuna kelele. Hivyo hata kukesha, ambako kwa Kiswahili ni kukaa macho usiku kucha, si lazima kuwe ni kutolala kwa hofu. Mtu aliyekwisha kuweka mambo tayari aweza kulala. Nawaambia hivi hasa wazee na wagonjwa, ambao husumbuka wakidhani kwamba wamechoka mno hata hawawezi kumngoja Bwana.

Hata wafu wetu twasema wamelala. Kardinali Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, aliyepewa cheo hicho mwaka 1960, alifariki Desemba 1997, na mwili wake ukawekwa Kashozi mpaka kanisa kuu la Bukoba lilipotengenezwa. Ukahamishwa Oktoba 2012. Mimi si wa kanisa lake, lakini nilisikia Mkatoliki mmoja akisema kwa Kihaya kwamba kardinali alikuwa Kashozi akilinda. Neno lile tena.

Ziko methali mbili za Kiswahili ambazo wanafunzi huzileta kila mwaka: Subira yavuta heri, na Ngoja ngoja huumiza matumbo. Huuliza ipi ni ya kweli. Huwajibu kwamba zote mbili ni za kweli kwa mtu wa stendi, na hakuna hata moja iliyonenwa kwa ajili ya mtu wa lango. Wa stendi hungoja kitu akipate; ama atakipata, ama tumbo litamwuma. Mngoja lango amengojea mtu amjuaye, na nyumba aliyopewa kuichunga ni ya mtu huyo. Labda jibu langu si kamili, maana hata mtumwa mwaminifu hupatwa na maumivu ya tumbo, na Zaburi zimejaa vilio vya watu waliouliza, hata lini? Tusiwakataze watu kuuliza hivyo katika sala. Hilo ni swali, si tarehe.

Katika ibada za Wakristo wa kwanza lilikuwako neno la Kiaramu, maranatha, ambalo Paulo aliliacha bila kulifasiri mwisho wa barua yake ya kwanza kwa Wakorintho. Wataalamu husema laweza kugawanywa mara mbili: likikatwa huku, lasema Bwana wetu amekuja, likikatwa kule, lasema Bwana wetu, njoo. Waandishi wa zamani hawakuacha nafasi kati ya maneno, hivyo hatulazimishwi kuchagua. Tangu mwaka jana, katika Adventi, nimeacha kuwauliza wakatekumeni maana ya kumngoja Bwana. Nawauliza swali jingine: Umeachiwa nini? Majibu ni mengi, na mengine ya kuchekesha. Mvulana mmoja alisema ameachiwa mbuzi wawili na dada mdogo, na kwamba mbuzi ni rahisi zaidi.

Ningefurahi kama walimu wenzangu wa nchi nyingine wangechunguza lugha za kwao na kutuandikia. Je, Wanyambo wa Karagwe, Wahangaza na Washubi wa Ngara, Wazinza wa kusini, nao hutumia neno moja kwa kungoja na kulinda? Na walio pwani, je, mngoja lango angali akisemwa na wazee, au amebaki katika kamusi tu? Yafaa pia kujua ni neno gani litumiwalo katika tafsiri za Maandiko za lugha hizo mahali pa Marko 13, na wasikiao hulielewa kuwa la stendi au la lango.